Ukoga Ukigeuka Jiwe

Mbwa akipiga miayo karibu na uso wako, huenda ukageuza kichwa upesi. Wengi husema, basi, ndivyo mbwa walivyo. Lakini mwinue mtoto wa mbwa wa miezi miwili umnuse kinywa: kwa kawaida hana uvundo ule, naye ni mbwa vilevile. Kwa hiyo harufu hiyo hakuzaliwa nayo. Imemjia baadaye, na kilichokuja baadaye kina chanzo.

Tuanze na jino lenyewe. Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya mtu. Jino hata lisafishwe vipi halikai tupu: muda mfupi tu baadaye mate hulipaka utando mwembamba wa protini, na juu ya utando huo bakteria hunata, huzaana na kujijengea makao. Ndio ukoga. Pitisha ukucha kwenye jino lako asubuhi kabla ya kupiga mswaki, uone ule uji mweupe unaobaki ukuchani. Mwaka 1683 mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alitazama uji kama huo kwa lenzi aliyoisaga mwenyewe, akaona viumbe wadogo wakiogelea ndani yake. Na huyo alikuwa mtu wa kusugua meno yake kwa chumvi kila siku.

Sasa harufu. Viumbe hao wanakula: mabaki ya chakula, chembe za ngozi ya kinywa, hata mate yenyewe. Katika vyakula hivyo mna protini, na baadhi ya protini zina salfa. Chini kabisa ya ukoga hewa haifiki, na huko huishi bakteria wasiotaka oksijeni. Wakivunja protini hutoa gesi zenye salfa; mojawapo ni haidrojeni salfaidi, ile ile inayokupiga puani unapopasua yai viza. Ndiyo maana hata mbwa ambaye hajala tangu jana anaweza kunuka.

Hapa linazuka swali. Kama kinywa cha mbwa kimejaa bakteria, mbona ni nadra kumwona mbwa mwenye jino lililotoboka? Fanya jaribio dogo. Tia kipande cha ganda la yai katika maji ya ndimu. Kitatoa mapovu, na kidogo kidogo kitalika. Jino si ganda la yai, lakini nalo limejengwa kwa madini ya kalsiamu, na asidi huyalainisha. Sisi tunapokula sukari, bakteria wetu huigeuza asidi, nayo hutoboa jino. Mate ya mbwa yana ualkali zaidi kuliko yetu: pH yake huwa karibu na 8, yetu karibu na 7. Asidi ikitokea humo hupozwa mapema.

Lakini kinga hiyo ndiyo inayomletea mbwa balaa jingine. Mate yana kalsiamu na fosfeti zilizoyeyuka, na katika ualkali madini hayo hayadumu kuyeyuka. Hujitenga na kuganda, kama ukoko mweupe ndani ya birika linalochemshiwa maji ya chumvichumvi kila siku. Ukoga uliolowa mate ya namna hiyo huanza kugeuka jiwe ndani ya siku mbili au tatu. Inua mdomo wa mbwa pembeni, utazame gego kubwa la juu. Mara nyingi jiwe la rangi ya kahawia huanzia hapo, kwa sababu mfereji mmoja wa mate hutokea shavuni mkabala na jino hilo.

Jiwe lina uso wa kukwaruza, kwa hiyo ukoga mpya hushika juu yake kwa urahisi. Ukoga ukipenya chini ya ufizi, mahali pasipo hewa, mwili huanza kupigana nao. Ufizi huwa mwekundu, huvimba, huvuja damu. Hatua hii hurekebika. Ikipuuzwa, mfupa unaoshika jino huliwa polepole, na mfupa huo haurudi wenyewe.

Ukishaelewa hayo, masharti ya usafi yanajitokeza yenyewe. Ukoga wa leo ni uji. Wa keshokutwa unaweza kuwa jiwe. Anayemsugua mbwa wake meno kila Jumapili tu anachelewa. Fanya kila siku, au usipitishe siku mbili. Mzoeze taratibu: siku za mwanzo mguse mdomo tu na umpe kitu anachokipenda. Kisha tumia mswaki laini, au kitambaa kilichozungushwa kidoleni, usugue upande wa shavuni pale jino linapokutana na ufizi. Maji matupu yanafaa, kwani kinachoondoa ukoga ni msuguo.

Dawa ya meno ya watu usimpe. Mbwa hatemi, humeza, na floraidi nyingi ni sumu kwake. Baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, kitu kitamu kinachoweza kushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla hadi kumuua. Ndimu nayo usiijaribu. Ganda la yai limekwisha kukujibu. Na mfupa? Kutafuna husugua meno kweli, lakini mfupa mgumu hupasua gego lile lile la juu. Ukibonyeza kitu cha kutafuna kwa ukucha na kisibaki na alama, ni kigumu mno.

Jiwe lililokwisha kushika halitoki kwa mswaki. Kulikwangua kwa kisu nyumbani huondoa linaloonekana na kuacha la chini ya ufizi, ambalo ndilo linaloumiza. Daktari wa mifugo hulisafisha mbwa akiwa amelala kwa nusukaputi. Naye ndiye wa kumwendea ikiwa uvundo umebadilika ghafla au unanuka kama mkojo, maana figo zikiugua hujulisha kupitia kinywa.

Kwa hiyo mbwa akipiga miayo tena, usigeuze kichwa. Inua mdomo, pitisha ukucha kwenye gego. Kinachotoka ni ukoga, kazi yako ya jioni hii. Kisichotoka ni jiwe, kazi ya daktari.