SOMO LA ROBO HII: NJIA YA UPENDO – TUMFAHAMU JIRANI YETU MHINDU

Katika kikao cha kikundi chetu hapa Lemara mama mmoja alituuliza swali lililotunyamazisha. Anafanya kazi za nyumbani kwa familia ya Kihindu mjini Arusha. Alisema: "Mama mwenye nyumba akimaliza kusali hunipa matunda na vitamu. Nikikataa, anahuzunika. Nikila, dhamiri inanisuta. Nifanyeje?" Tuliona hatuwezi kumjibu kabla ya kujifunza.

Mhindi na Mhindu
Kwanza tutofautishe maneno haya. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki ni Waislamu, kama Waismailia na Mabohora. Wapo Kalasinga, na wapo Wagoa ambao ni Wakatoliki. Wahindu wengi wa kwetu wana asili ya Gujarat, magharibi mwa India, na wazee wao walikuja hasa kwa biashara.

Yoga ni nini?
Wengi tukisikia yoga tunafikiria mazoezi ya viungo. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Neno hili la Kisanskriti linatokana na kitendo cha kufunga nira. Wakulima wetu wanaolima kwa maksai wanajua kazi ya nira: huunganisha wawili waende pamoja. Kwa Mhindu, yoga ni njia ya kuunganishwa na Mungu.

Kitabu cha Bhagavad Gita, chenye sura 18, kinaeleza njia ya matendo (karma), njia ya maarifa (jnana) na njia ya upendo na ibada (bhakti). Sura ya 12 inahusu bhakti. Mfuasi wa njia hii husikiliza habari za Mungu, humwimbia, hutaja jina lake akihesabu shanga, humtumikia, humpenda kama rafiki, na mwisho hujitoa mzima kwake. Gita inafundisha kwamba hata jani, ua, tunda au maji yakitolewa kwa upendo hupokelewa. Ndiyo maana njia hii iliwafungulia mlango watu waliodharauliwa. Mmoja wa waalimu wake mashuhuri, Ravidas, alikuwa fundi wa ngozi.

Upendo unaozaa huduma
Wahindu wengi wa Afrika Mashariki wanamheshimu Jalaram Bapa (1799–1881) wa kijiji cha Virpur, Gujarat. Yeye na mkewe Virbai walifungua nyumba yao na kuwalisha wasafiri na maskini bila kubagua dini wala tabaka. Chakula bado kinagawiwa Virpur, na tangu mwaka 2000 hekalu la huko halipokei sadaka. Sisi tunaofanya kazi ya maendeleo tuna la kujifunza hapo: ibada isiyofika jikoni kwa jirani haijakamilika.

Turudi kwa mama yetu
Chakula kilichotolewa mbele ya sanamu huitwa prasadi, na hugawiwa kama neema ya Mungu. Kwa hiyo mama mwenye nyumba hamtegi mtu. Anampa kilicho bora alicho nacho. Lakini kwetu Wakristo, Paulo anashauri katika 1 Wakorintho 10:25-29 kwamba tusiulizeulize juu ya chakula cha kawaida, ila tukiambiwa kimetolewa sadaka, tusile, kwa ajili ya dhamiri.

Tulikubaliana hivi: chakula cha kawaida cha nyumba ile ale kwa shukrani. Prasadi asipokee kwa siri kisha akaitupa, wala asikatae kwa kukunja uso. Aseme kwa upole: "Asante mama, najua unanipa kwa upendo. Imani yangu hainiruhusu kula kilichotolewa katika ibada nyingine." Anayeishi kwa ibada ataielewa ibada ya mwenzake. Hatukubaliani naye juu ya sanamu, na hatuhitaji kuficha hilo. Lakini kumwita mchawi, kama wengine wetu tulivyozoea, ni kumshuhudia jirani uongo.

Maswali ya kujadili katika vikundi
1. Je, tunawafahamu majirani wa dini nyingine, au tunasikia tu habari zao?
2. Soma Marko 12:41-44. Sadaka ya mjane inafanana wapi na fundisho la jani na maji? Inatofautiana wapi?
3. Ibada yetu ya Jumapili inamfikia nani Jumatatu?