Triga Ngumu ya Bastola: Cha Kufanya Nyumbani na cha Kumwachia Fundi

Mwenye mashine ya kupasua mbao kule Mafinga, anayelipa vibarua wake kwa fedha taslimu, au mwenye duka la jumla mjini Iringa, akishapata leseni ya bastola na kwenda kulenga shabaha mara ya kwanza hurudi na swali moja: mbona triga ni ngumu hivi? Akiuliza mitaani hupewa jibu la haraka. Ifungue, piga msasa kidogo, kata pete moja ya springi, italainika. Ushauri huo ni hatari, na ni vizuri mwenye bastola ajue kwa nini kabla hajashika bisibisi.

Kwa nini kiwanda hakikuilainisha tangu mwanzo?

Kwa sababu ugumu huo umewekwa makusudi. Triga ya Glock 17 inayotoka kiwandani huhitaji mvuto wa kama kilo mbili na nusu. Bastola ambazo risasi ya kwanza hupigwa nyundo ikiwa imelala, huku kidole ndicho kinachoinyanyua, huhitaji karibu mara mbili ya hapo. Polisi wa jiji la New York kwa miaka mingi walitumia Glock zenye springi nzito zaidi ya ile ya kawaida, ili askari mwenye hofu asifyatue bila kukusudia. Mtu akishtuka, mkono wote hukaza bila kumwomba ruhusa. Asubuhi ya Julai kule Mufindi, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, triga nyepesi hupita hatua ya kufyatua kabla kidole hakijahisi kitu.

Kinachopigwa msasa ni nini hasa?

Ndani ya bastola yenye nyundo kuna kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia nyundo iliyokokiwa. Tukiite kishikizo. Ukivuta triga, kishikizo huteleza na kuiachia nyundo. Katika bastola za muundo wa Colt 1911, ukingo unaoshikana na nyundo una kina cha kama nusu milimita tu. Nusu milimita hiyo ndiyo iliyosimama kati ya bastola iliyotulia kiunoni na bastola inayolia.

Vyuma hivi hukazwa kwa moto, na katika bastola nyingi ugumu huo uko kwenye ngozi ya juu peke yake. Tupa au msasa ukiila ngozi hiyo, siku ya kwanza utafurahi: triga imekuwa laini kweli. Tatizo huja baadaye. Chuma laini cha chini kinalika kwa kila risasi, pembe inabadilika, na siku moja nyundo inakosa pa kushika. Slaidi ikirudi mbele kwa kishindo, nyundo inaanguka yenyewe. Au unavuta mara moja, zinatoka risasi mbili, na ya pili inaenda usikokulenga kwa sababu mtutu ulishanyanyuka.

Hata viwanda vikubwa hujikwaa hapa. Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kurekebisha bure bastola zake za P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Triga yenyewe kama kipande cha chuma ilikuwa nzito kiasi kwamba bastola ikigonga chini, triga iliendelea kusafiri kwa kasi ile ile kana kwamba kuna kidole kinaivuta. Marekebisho yalihusisha kuweka triga na kishikizo vyepesi zaidi. Wahandisi wenye maabara walipitwa na jambo la gramu chache. Fundi wa pikipiki, hata awe hodari namna gani, hana kipimo cha kulibaini.

Na springi je? Springi ya nyundo iliyokatwa hupiga kiberiti cha risasi kwa unyonge, na risasi inaweza kugoma siku unayoihitaji. Wenye Browning Hi-Power nao huambiwa waondoe kile kizuizi kinachoizuia bastola isifyatue magazini ikiwa nje, maana ndicho kinachofanya triga yake ikwaruze. Ni kweli kinakwaruza. Lakini kwenye nyumba yenye watoto, kizuizi hicho kinaweza kuokoa maisha ya mtu anayedhani bastola ni tupu kwa kuwa magazini iko mezani.

Basi nyumbani nifanye nini?

Anza na usafi, kwa sababu triga nyingi zinazolaumiwa ni chafu tu. Unga wa mbao wa Mafinga ukichanganyika na oili hugeuka uji mzito unaojaza kila kona, na vumbi la kiangazi hufanya kazi hiyo hiyo. Wapo wanaopaka mafuta ya alizeti ya jikoni. Mafuta hayo yakikaa hukauka na kunata kama gundi. Fungua bastola kwa hatua zilizo kwenye kitabu chake na usizidi hapo. Futa, paka tone moja moja la oili ya silaha, futa tena. Oili nyingi haisaidii, inakusanya vumbi.

Kisha fanya mazoezi makavu. Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba na uiguse kwa kidole. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Elekeza mtutu kwenye ukuta mzito wa tofali ambao hakuna mtu nyuma yake. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi karibu na mdomo wa mtutu, halafu vuta triga taratibu bila sarafu kuanguka. Tumia sehemu ya katikati ya ncha ya kidole, si kwenye kiungo. Dakika kumi kila jioni kwa wiki kadhaa hubadilisha mkono kuliko tupa yoyote, na triga uliyoiona ngumu itaanza kutabirika. Bastola za risasi ndogo za .22 zisifanyiwe hivi bila risasi bandia, kwani pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Sheria inasemaje?

Umiliki, biashara na utengenezaji wa silaha Tanzania vinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni yako inakuhusu wewe na silaha ile iliyoandikwa. Kumwachia bastola mtu asiye na kibali, hata kwa saa mbili za ukarabati, ni kuikabidhi silaha kwa asiyeruhusiwa. Nenda ofisi ya polisi ya wilaya, waulize ni nani ameruhusiwa kurekebisha silaha, na umweleze fundi huyo hasa unachohisi: inakwaruza, ni nzito, au inarudi polepole.

Nimenunua bastola iliyotumika. Nitajuaje kama imechezewa?

Dalili ziko wazi: nyundo inaanguka slaidi inapojifunga, nyundo inaanguka unapogusa kitufe cha usalama kwenye bastola isiyoundwa kufanya hivyo, triga haina uzito kabisa, au kwenye shabaha risasi mbili zinatoka kwa mvuto mmoja. Ukiona mojawapo, toa risasi zote papo hapo na usiijaze tena. Usijaribu mara ya pili ili kuhakikisha. Piga simu polisi kwanza uwaeleze kwamba unaleta silaha yenye hitilafu, kisha ipeleke ikiwa tupu, magazini ikiwa mbali nayo, pamoja na leseni yako.