Kondishena na Uimara wa Nywele katika Ukavu wa Dodoma

Je, kondishena huupa unywele uhai mpya?

La. Unywele uliokwisha kuchomoza juu ya ngozi hauna uhai, kwa kuwa umejengwa kwa keratini, yaani protini ngumu iliyomo pia katika kucha, na kwa hiyo ukidhurika hauwezi kujiponya. Kondishena huuimarisha kwa kuukinga, maana hupunguza msuguano wa kitana na kuuzuia usikatike.

Viambato vyake hushikaje kwenye unywele?

Unywele umefunikwa na magamba yaliyopandana, yenye utando mwembamba wa mafuta ya asili. Rangi na dawa za kunyoosha nywele zinapouondoa utando huo, uso wa unywele huzidi kuwa na chaji hasi za umeme, nazo huvuta viambato vyenye chaji chanya, kama vile setrimoniamu kloridi, ambavyo hunata zaidi palipoharibika na kubaki hata baada ya kusuuzwa.

Kwa nini nywele za kipilipili huhitaji uangalizi zaidi Dodoma?

Kila pindo la unywele wa aina hii ni mahali dhaifu, na mafuta yatokayo kichwani hayafiki nchani kwa urahisi. Aidha, mvua za uwanda wa kati hunyesha msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na baada yake hufuata miezi ya upepo mkavu unaonyonya unyevu. Tena maji ya visima yenye kalsiamu nyingi, yakikutana na sabuni ya mche, huacha utando mweupe unaokwaruza.

Kati ya alizeti na nazi, yafaa mafuta yapi?

Yote yana kazi yake. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini, kwa sababu asidi yake ya lauriki hupenya ndani ya unywele, ilhali ya alizeti, zao kubwa la Dodoma na Singida, hayakufanya hivyo. Basi nazi ipakwe kabla ya kuosha, na alizeti, ambayo hulainisha uso wa unywele, ipakwe kidogo mwishoni.

Kondishena itumiweje?

Ipakwe kwenye nywele zilizooshwa zingali mbichi, hasa nchani, ambako ndiko kwenye nywele kongwe zaidi, kisha zichanuliwe taratibu kwa kitana chenye meno mapana, kuanzia nchani kuelekea kwenye shina, ndipo zisuuzwe na kusukwa bila kukazwa.