Mafunzo Niliyopata kwa Kubisha Hodi

Oktoba 2024 nilijitolea kupita mlango kwa mlango Kent na Tukwila, kusini mwa Seattle, ambako wengi wetu kutoka Afrika Mashariki tunaishi. Wananchi wa Jimbo la Washington walikuwa wanaulizwa kama sheria ya tabianchi ya 2021, inayowabana wachafuzi wakubwa wa hewa, ifutwe. Mimi nilitaka ibaki, na nilipangiwa wale ambao walikuwa hawajaamua.

1. Asiyeamua si asiyejua

Nilianza na joto la Juni 2021, Seattle ilipofikia nyuzi 42 za Selsiasi. Mzee mmoja, dereva wa teksi, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, joto hilo nililala nalo humu humu, sakafuni. Niambie habari ya petroli." Nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuniuliza.

2. Gharama usiifiche

Kampuni za mafuta hulazimika kununua vibali vya kutoa hewa chafu, na sehemu ya gharama hiyo humfikia mwenye gari. Kila nilipolikwepa jambo hili, mazungumzo yaliishia mlangoni. Nilipolikiri mapema, nilikaribishwa kiti. Kwa anayeendesha gari kutwa nzima, senti zinazoongezeka kwa kila galoni ni sehemu ya kodi ya nyumba, na ana haki ya kuzihesabu.

3. Onyesha kinachoshikika

Fedha za vibali zilisaidia vijana wa hadi miaka 18 kupanda basi bure. Mwaka huo wa 2024 pia, familia za kipato cha chini na cha kati zilipunguziwa dola 200 kwenye umeme. Mama mmoja alichukua bili yake juu ya friji, akapitisha kidole mstari kwa mstari hadi kwenye punguzo. "Kumbe ndiyo hii!" Bili ile ilimweleza kuliko vipeperushi vyangu vyote.

4. Someni swali pamoja

Swali lilihusu kufuta, kwa hiyo aliyetaka sheria ibaki alipaswa kuchagua "Hapana". Niliwakuta walioipenda sheria wakiwa tayari kuweka "Ndiyo". Katika jimbo letu karatasi ya kura hutumwa nyumbani kwa posta, basi tulikaa mezani tukalisoma swali polepole. Kalamu ilibaki mkononi mwa mwenyewe. Kuuliza si ujinga, na kueleza si kumwamulia mtu.

5. Rudi baada ya kura

Katika kura ya Novemba 5, asilimia 62 hivi ya wapiga kura walikataa kuifuta sheria. Nilirudi kwa yule mzee. Kura ni siri yake, sikumuuliza. Yeye ndiye aliyeniuliza: "Hizo pesa za vibali, nani anazisimamia? Na basi la mjukuu wangu, litaendelea kuwa bure?" Hapo nikaelewa kwamba sheria kama hii haihitaji mashabiki wa msimu, inahitaji watu wa kuifuatilia. Tulizungumza mpaka chai ikapoa.