Paka anapokojoa nje ya mchanga wake: Usimpige, tafuta sababu



Ndugu msomaji, hapa Msalato na Dodoma kwa ujumla wengi wetu tunafuga paka kwa ajili ya panya wanaoharibu mtama, mahindi na karanga tulizohifadhi ndani. Zamani paka alikuwa akitoka uani, anachimba udongo, anafukia, mambo yanaisha. Siku hizi nyua nyingi zimesakafiwa kwa saruji na kuzungushiwa ukuta, kwa hiyo familia humwekea karai au beseni la mchanga. Tatizo linaanza pale paka aliyelizoea karai anapokojoa juu ya mswala, kwenye godoro la mtoto au nyuma ya kochi. Wapo wanaompiga, wapo wanaosema kaingiwa na jini, na wapo wanaomtia kwenye kiroba na kwenda kumtupa porini.

Ni vyema tukajua sababu kabla ya kufanya lolote, maana huyo anayepigwa huenda ni mgonjwa anayehitaji tiba siku hiyo hiyo.

HUKUMU YA PAKA NA MKOJO WAKE

Katika madrasa tumesoma hadithi ya Abu Qatada (r.a.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, kisha akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Ama mkojo wake ni najisi, na ni lazima uondolewe kwenye nguo, mwili na mahali pa kuswalia. Mambo haya mawili yasichanganywe: unajisi wa mkojo haumfanyi paka mwenyewe kuwa najisi.

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati. Figo zake hubana sana maji, ndiyo maana mkojo wake ni mzito na una harufu kali. Kwa maumbile yake hupenda mchanga mkavu anaoweza kuuchimba na kufukia. Akiuacha, ujue kuna kitu kimebadilika, ama ndani ya mwili wake ama ndani ya nyumba yako.

SABABU YA KWANZA: MARADHI

Anza hapa kila mara. Kibofu kikivimba au kikiwa na vijiwe, paka huhisi maumivu anapokojoa. Akiumia akiwa ndani ya karai, hudhani karai ndilo linalomuumiza, hivyo huenda kwingine. Dalili zake ni kukojoa kidogo kidogo mara nyingi, kulia wakati wa kukojoa, kujilamba sana sehemu za siri na mkojo wenye damu. Kama anakunywa maji mengi na kukojoa sana, huenda ni figo au kisukari. Paka naye hupata kisukari.

Hatari kubwa ni kwa dume. Mrija wake wa mkojo ni mwembamba na unaweza kuziba kabisa. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara na hakitoki kitu, au yanatoka matone tu, tumbo gumu, anatapika na hataki kula, huyo si wa kusubiri kesho. Sumu ya mkojo humrudia mwilini na anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, au umtafute afisa mifugo wa kata akuelekeze.

Tahadhari: usimpe dawa za binadamu. Kidonge kimoja tu cha panadol kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu.

Jambo jingine ni maji. Paka wetu hula ugali na dagaa wakavu, na kiangazi cha Dodoma ni kirefu. Mwekee maji safi kila siku, na chakula chake ukiloweke kidogo.

SABABU YA PILI: KARAI LENYEWE

Paka hachukii kwenda haja mchangani, huchukia uchafu. Toa kinyesi na mchanga uliolowa kila siku, na ubadilishe mchanga wote kila wiki. Mchanga wa korongoni uliochekechwa na kuanikwa juani unafaa, kina cha vidole vitatu hadi vinne. Karai liwe pana kiasi cha yeye kugeuka, na lisafishwe kwa sabuni ya kawaida na maji, si kwa dawa zenye harufu kali. Liweke mahali pa utulivu, mbali na chakula chake. Ukiwa na paka wawili, weka makarai matatu.

SABABU YA TATU: KUWEKA ALAMA

Angalia anavyokojoa. Akichuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni, rudi kwenye sababu mbili za mwanzo. Akisimama, mkia juu ukitetemeka, akarusha mkojo ukutani au mlangoni, huyo anaweka mpaka wake, hasa dume ambaye hakuhasiwa au anayesikia paka wengine nje. Kuhasi hupunguza sana tabia hii. Wanazuoni wamehitilafiana katika hukumu ya kuhasi wanyama, hivyo muulize sheikh wako kabla ya kumwita daktari.

SABABU YA NNE: HOFU

Kuhama nyumba, mgeni, mtoto mchanga, paka mpya au watoto wanaomkimbiza, yote humtia paka wasiwasi. Kumpiga huongeza hofu, na hofu huongeza kukojoa. Usimsugue pua kwenye mkojo, kwani hajui unamwadhibu kwa lipi. Mpe kona yake ya kujificha, na uwakataze watoto kumsumbua.

KUTWAHARISHA

Paka hurudi pale anaponusa harufu yake, hivyo usafi nusunusu haufai. Kwanza, kausha mkojo kwa kitambaa. Usianze kupiga deki, maana utaitandaza najisi chumba kizima. Pili, mimina siki iliyochanganywa na maji kwa kipimo sawa, iache dakika kumi, kisha ikaushe. Tatu, mimina maji safi juu ya mahali pale na uyakaushe. Siki huondoa harufu, lakini kinachotwaharisha ni maji. Nguo na mswala mimina maji juu yake, usiloweke kwenye ndoo yenye maji machache, yatanajisika yote. Kisha anika juani. Usitumie jiki kwenye mkojo wa paka, kwani vikichanganyika hutoa hewa inayodhuru mapafu.

KWA MAMA MJAMZITO

Wengi huogopa mkojo wa paka kuharibu mimba. Vijidudu vya toksoplazma hutoka kwenye kinyesi, si kwenye mkojo, na huchukua zaidi ya siku moja kabla ya kuweza kuambukiza. Ndiyo maana kuzoa kinyesi kila siku ni kinga. Mjamzito asifanye kazi hiyo. Akilazimika, avae glavu na anawe kwa sabuni. Pia apike nyama mpaka iive na aoshe mboga vizuri, kwani huko nako maambukizi hupatikana kwa wingi.

Ndugu msomaji, sote tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Mnyama hana ulimi wa kusema anaumwa wapi. Kabla hujachukua fimbo au kiroba, mtazame anavyokojoa, litazame karai lake, ndipo uamue.

Wabillahi tawfiq.