Mfano wa Awali katika Uundaji wa Mifumo ya Taarifa

Mfano wa awali ni umbo la mfumo lililotengenezwa upesi na kwa gharama ndogo, ili watumiaji walijaribu kabla mfumo wenyewe haujajengwa. Huweza kuwa michoro ya fomu kwenye karatasi, au programu ndogo ya kompyuta.

Mfano huo unafaa wakati gani? Unafaa pale mahitaji yasipofahamika barabara. Tuchukue shule inayotaka kutunza alama za wanafunzi kwa kompyuta. Mwalimu wa taaluma akiulizwa anahitaji nini, huenda akataja orodha ya alama tu. Akionyeshwa orodha yenyewe, ndipo atambuapo kwamba ahitaji pia kulinganisha mihula, ili amjue mapema mwanafunzi anayerudi nyuma. Upungufu ulioonekana kwenye karatasi husahihishwa kwa kifutio. Ulioonekana baada ya mfumo kukamilika hugharimu fedha na miezi ya kazi.

Pale kanuni zilipokwisha kuwekwa wazi, faida ya mfano hupungua. Kodi ya mishahara, kwa mfano, hukokotolewa kwa mujibu wa sheria. Kinachotakiwa ni usahihi, wala si kutafuta matakwa ya watumiaji.

Mwaka 1984, Barry Boehm na wenzake wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la vikundi saba vilivyounda programu ya aina moja. Vikundi vinne viliandika kwanza maelezo ya mahitaji. Vitatu vilianza na mfano wa awali. Programu za vikundi hivyo vitatu zilikuwa fupi kwa takriban asilimia 40, zilipunguza kazi kwa asilimia 45, na zilikuwa rahisi zaidi kutumia. Hata hivyo, zile za vikundi vinne zilikuwa na mpangilio ulioshikamana zaidi.

Hapo ndipo penye hatari. Mfano ukipendeza, wakuu huweza kuamuru utumike mara moja, ilhali mara nyingi hauna ulinzi wa siri wala nakala za akiba. Kumbukumbu zikipotea, atakayeumia ni mwanafunzi. Kwa hiyo iamuliwe tangu mwanzo: mfano utatupwa baada ya kutoa funzo, au utaimarishwa hatua kwa hatua.

Zoezi: Chora kwenye karatasi fomu ya kuazima vitabu vya maktaba ya shule. Mpe mtunza maktaba aijaze, kisha orodhesha kila alichokihitaji asikione.