Ukoo wa Page na magofu ya Rosewell

SWALI: Nimeona picha ya magofu ya Rosewell, Virginia. Ilikuwa nyumba ya nani, na waliipotezaje?

JIBU: Ya ukoo wa Page, na kilichowaponza ni deni. Kanali John Page alihama kutoka Uingereza katika karne ya 17. Mwanawe, Matthew, alimwoa Mary Mann, binti mwenye urithi mnono. Mtoto wao akapewa jina la ukoo wa mama, Mann Page. Ndipo wachunguzi wengi wa nasaba wanapokwama, maana baada yake kuna Mann na John kila kizazi. Ushauri wangu: fuata wake, usifuate majina ya wanaume.

Huyo Mann alimwoa Judith, binti wa Robert Carter, tajiri aliyeitwa “Mfalme”. Mwaka 1725 alianza kujenga Rosewell kando ya Mto York, jumba la matofali la ghorofa tatu. Alifariki mwaka 1730 kabla halijakamilika, akaacha deni zito. Mwanawe, Mann wa pili, ilimbidi aombe kibali cha bunge la koloni auze ardhi alipe. Mjukuu, John, alikuwa gavana wa Virginia 1802 hadi 1805, naye deni likamfuata.

Katika karne ya 19 nyumba iliuzwa, na mnunuzi akaichuna risasi ya paa na mbao za ukutani. Moto wa 1916 ukamaliza kazi.

Ukiwatafuta watumwa walioitumikia, anzia kwenye wosia na orodha za mali: humo wameandikwa pamoja na ng'ombe.